Neno la tatu

Kwa Mama Nsimire, Kadutu, nyuma ya wauza sambaza,
kuna runinga mbili, jenereta moja, na mimi.
Kazi yangu haina jina.
Mchezo unasema Kiingereza, watoto wanasikia Kiswahili,
mimi nimesimama katikati, napokeza maneno
kama ndoo za maji zinavyopanda mlima kwa mikono.
Franga mia tano, nusu saa.

Akonkwa ana miaka kumi na mmoja,
kandambili mbili zisizofanana,
vidole vyake vimeachia maneti harufu ya samaki.
Ndani ya kioo kuna mlinzi wa daraja,
koti refu, mvua isiyomlowesha mtu.
Mwanamke anakuja, mtoto mgongoni.
Chini ya picha mstari mwekundu unafupika, unafupika,
na maneno matatu yanawaka.

"Yanasemaje, Yaya?"
"La kwanza: mwache apite. La pili: mrudishe."
"Na la tatu?"
"La tatu si kitu," nikasema.
Jenereta ilikuwa inakohoa, foleni imefika mlangoni.

Akamwacha apite. Daraja likakatika.
Kesho yake akamrudisha. Daraja likakatika,
na maji yakapanda kumfuata mama yule upande wa huku.
Siku ya tatu alikwenda mbio, akaruka salamu,
akaruka hadithi ya mlinzi na marehemu mkewe,
akafika mapema.
Daraja lilikuwa linamngoja.
Likakatika kwa mlio uleule,
msumari uleule ukirukia kushoto.

Akageuka, akanitazama kana kwamba nimelijenga mimi.
"Kama linakatika tu, waliniuliza ya nini?"

Nilitafuta. "Ukimwacha apite, anakushukuru.
Ukimrudisha, hakushukuru. Ndiyo tofauti."
"Asante ya mtu anayekwenda kufa."
"Ndiyo."
Akakuna goti lake muda mrefu.
"Ni kitu," akasema.

Usiku ule nilipanda ngazi za udongo bila tochi
nikimfikiria mtu wa mbali, ana kahawa yake mezani,
aliyeandika daraja kwanza, kisha akaandika maswali.
Nikataka kumkasirikia.
Lakini mimi je? Mara ngapi nimewapunguzia watoto wa watu?
"Labda" nikaifanya "hapana," kwa kuwa foleni ni ndefu.
"Nisamehe" nikaifanya "sawa."
Mashujaa wangapi wamekuwa wakali Kadutu nzima
kwa sababu mimi nilikuwa na njaa?

Siku ya nne nilimwambia.
"La tatu linasema: usiseme kitu."
"Ulisema si kitu."
"Nilisema."
Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Akalichagua.
Mstari mwekundu ukaisha, ukatoweka.
Mwanamke akasimama. Mlinzi akasimama.
Mto ukapita chini yao, maji yaleyale yakirudia kupita.
Akonkwa akaweka maneti chini, kwenye saruji,
akakunja mikono kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

"Cheza basi!" wakapiga kelele nyuma. "Toka, tupishe!"

Hakucheza.
Na mlinzi, asiyeagizwa na mtu,
akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.
Akajikuna shingo.
Akainua uso, akatazama mvua
kama mtu anayekumbuka nguo alizoanika.
Mtoto mgongoni akageuza kichwa, akaegemeza shavu la pili.

"Umeona?" Akonkwa alinong'ona, asije akawashtua.
"Hiyo si mimi."

Mama Nsimire alipitisha kichwa dirishani, akatazama saa yake.
Dakika nne zilikuwa zimebaki.
Alikwisha kuzilipia.
Hakuzigusa.